Neno Aliloliandika Namuun

Namuun alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ustawi wa jamii, na kitu alichokiogopa kuliko vyote pale chuoni Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, kilikuwa Kiingereza. Hakuwa mvivu. Kwao Zavkhan, mkoa wa wafugaji, somo hilo lilifundishwa na mwalimu wa michezo, na mwalimu mwenyewe alikuwa akijua kuhesabu mpaka ishirini na kuimba nyimbo mbili. Alipofika mjini akakuta wenzake wamesoma shule za kulipia, wanatamka maneno kama watu wanaotafuna peremende, yeye akajifunza kukaa nyuma karibu na ukuta na kuinamisha kichwa.

Somo lenyewe liliitwa Kiingereza cha Taaluma kwa Wanafunzi wa Ustawi wa Jamii. Kitabu chake kilikuwa kurasa arobaini za fotokopi zilizobanwa kwa pini, na mwalimu wake alikuwa Mwalimu Tsend, mzee wa miaka hamsini na saba, mfupi, mcheshi, asiyevua koti darasani kwa sababu ya baridi. Zamani alifundisha Kirusi. Warusi walipoondoka, wizara ikamwita yeye na wenzake, ikawapa kozi ya miezi mitatu, wakatoka humo wamekuwa walimu wa Kiingereza. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe kila mwaka ili watu wacheke, na watu walicheka.

"Nyie vijana," alikuwa akisema, "mkienda kwa mfadhili mkamwongelesha Kiingereza cha kuuzia kofia sokoni, atawapa hela ya kofia. Ongeeni kitaalamu! Neno la taaluma, alama mbili. Neno la sokoni, sifuri. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, mwalimu."

"Nani anataka sifuri?"

Hakuna aliyetaka. Namuun alizikariri zile kurasa kama watoto wanavyokariri namba za simu za wazazi wao. Ukurasa wa kumi na nne na wa kumi na tano ndizo zilizokuwa na maneno mazito kuliko yote, maneno ya watoto walio hatarini. Aliyaandika kwenye vikaratasi akavibandika juu ya kitanda chake hosteli, juu ya sinki, hata kwenye mlango wa choo, mpaka msichana aliyekaa naye chumba kimoja akamwambia, "We dada, mtu hawezi hata kujisaidia bila kusoma habari za mateso."

Mwezi wa Januari wanafunzi walipelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Namuun alipangiwa shirika moja dogo la watoto lililokuwa na ofisi ya vyumba viwili kaskazini mwa mji, kule ambako mahema ya sufi na vibanda vya mbao vimepanda vilima mpaka juu na moshi wa makaa hauondoki toka Oktoba mpaka Machi. Msimamizi wake alikuwa dada mmoja mnene, mchapakazi, jina lake Solongo, aliyekuwa na familia sitini na nne mikononi mwake na magoti mabovu.

Jumanne ya wiki ya pili wakapanda kilima pamoja. Kulikuwa na baridi ya kugandisha kope. Walipofika kwenye uzio wa mabati wa rangi ya buluu Solongo akasimama, akahema.

"Mimi nina nyumba tatu huko juu. Wewe ingia hapa, kuna bibi na mjukuu wake. Jirani alilalamika kwamba mtoto anasikika analia peke yake na jiko linawaka. Ongea naye taratibu, uandike anachosema. Usiandike unachofikiri. Sawa?"

"Sawa, dada."

Bibi alikuwa anaitwa Dulmaa. Alikuwa mwembamba, miguu imevimba ndani ya soksi mbili mbili, na alimpokea Namuun kama mtu aliyekuwa akimtarajia.

"Ingia, mwanangu, ingia, funga mlango, joto linakimbia. Mnaupitishaje msimu wa baridi huko kwenu? Mifugo imeshika mwili?"

"Tunaupitisha vizuri, bibi. Nyie je?"

"Tupo. Keti, unywe chai."

Chai ilikuwa ya moto, yenye maziwa mengi na chumvi ya kutosha, kama ya nyumbani. Kando ya jiko alikaa mtoto wa kike wa miaka mitano, mashavu mekundu, anachora farasi kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Huyo ndiye Anujin. Alimwonyesha Namuun farasi, kisha akamwonyesha koti lake jipya la waridi lililotoka Korea, kisha simu ya bibi iliyopasuka kioo, na ndani ya simu picha ya mama yake akiwa amevaa kofia ya plastiki ya kiwandani, anacheka.

"Mama hunipigia Ijumaa," alisema mtoto. "Nikiwa na meno machafu ananigombeza."

Bibi akamvuta, akamnusa utosini, akamwachia. Halafu akaeleza bila kuulizwa mara mbili, maana alikuwa mtu wa kusema kweli.

"Mama yake, Tungalag, ni binti yangu wa mwisho. Alimwacha kwangu akiwa na miaka miwili akaenda Korea. Anafunga maboksi huko. Makaratasi yake yalishaisha muda, ndiyo maana harudi. Akitoka hataweza kuingia tena. Na mimi sitakuficha, mwanangu, ziko siku namwacha peke yake nikienda kuchota maji. Kibanda cha maji kiko bondeni. Kwa miguu hii, kwenda na kurudi ni saa nzima. Nafunga jiko kwanza. Analia, ndiyo. Mtoto atakosaje kulia?"

Namuun aliandika yote kwa Kimongolia katika daftari lake, neno kwa neno. Alimwacha kwangu. Namwacha peke yake. Alipotoka, Anujin alimfuata mpaka getini akampa kipande cha maziwa yaliyokaushwa, kigumu kama jiwe, akale njiani.

Kesho yake Solongo alimketisha mbele ya kompyuta. Faili za shirika lile zilijazwa kwa Kiingereza, kwa kuwa zilisomwa na makao makuu ng'ambo, na watu wa ng'ambo hawakusoma kitu kingine.

"Jaza wewe," Solongo alisema. "Wewe ndiye msomi. Mimi Kiingereza changu kimeishia kwenye salamu, na salamu zenyewe za asubuhi tu."

Swali la kwanza lilitaka hali ya mtoto, na chini yake palikuwa na orodha ya majibu tisa, ubonyeze moja. Namuun aliyajua manne. La mwisho kabisa lilikuwa la maneno mawili, na neno la kwanza hakuwahi kuliona. Lilifanana na neno la upole lililokatwa herufi ya mwisho. Alidhani wamekosea. Baadaye sana ndipo alipojua kwamba neno lile lilikuwa la damu moja, la ukoo, na kwamba jibu lile lilimaanisha mtoto anayelelewa na jamaa zake. Kitabu cha Mwalimu Tsend hakikuwa nalo. Alimwangalia Solongo, akamwona anaongea na simu mbili, akaona aibu kuuliza. Msomi anauliza nini?

Akarudi kwenye daftari lake. Alimwacha. Katika lugha yao neno hilo ni moja tu: unaacha mzigo kwa jirani, unaacha shule, unaacha mtoto kwa mama yako. Lakini katika ukurasa wa kumi na nne, mbele ya neno hilohilo, palikuwa na neno moja refu la Kiingereza, zuri, zito, la alama mbili, neno la kutelekeza. Na katika orodha ya majibu tisa lilikuwamo. Namuun alifurahi kulikuta pale kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. Akalibonyeza. Kisanduku kikageuka chekundu.

Chini yake akaandika maelezo, sentensi kumi na moja, hakuna hata moja iliyokosa neno la taaluma. Aliandika kwamba mama alimtelekeza mtoto akiwa na miaka miwili. Aliandika kwamba bibi naye humtelekeza mara kwa mara. Nyakati za vitenzi zilikuwa sahihi zote. Alizikagua mara tatu.

"Umeandika alichosema?" Solongo aliuliza, mkono umeziba simu.

"Neno kwa neno."

"Basi tuma."

Alhamisi akaipeleka darasani nakala ya maelezo yale, majina yamefutwa, iwe kazi yake ya wiki. Mwalimu Tsend aliisoma amesimama dirishani, kisha akaisoma tena kwa sauti, anainua kidole kila alipofika kwenye neno zito.

"Thelathini kwa thelathini!" alisema. "Huyu ni mtoto wa mfugaji. Nyie wa mjini mnaona? Huyu anaandika kama ripoti ya Umoja wa Mataifa."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Namuun kugeukiwa na darasa zima kwa jambo jema. Masikio yake yaliwaka moto. Walipotoka, kijana mmoja aitwaye Bilguun akamfuata kwenye korido. Bilguun alifanya kazi ya kuongoza watalii kila kiangazi, kwa hiyo Kiingereza chake kilitoka kwa watu, si kwa fotokopi.

"Namuun, samahani. Huyo mama alimfanya nini mtoto?"

"Alimwacha kwa bibi yake. Yuko Korea. Kwani vipi?"

"Anapiga simu? Anatuma vitu?"

"Kila Ijumaa."

Bilguun alijikuna shingo. "Neno uliloliandika ni la mtu aliyemweka mtoto mlangoni pa hospitali akakimbia. Ni la mtu asiyerudi."

"Wivu huo," alisema Namuun akicheka. "Umepata ngapi wewe? Kumi na tisa?"

"Kumi na nane. Lakini liangalie kwenye kamusi nzuri, tafadhali."

Aliliangalia palepale alipobaki peke yake, kwenye simu, ameegemea ukuta. Alisoma maelezo ya neno lile, kisha mifano yake. Kulikuwa na mfano wa gari lililotupwa jangwani na mfano wa mbwa.

Kama angetoka hapo akapanda basi mpaka ofisini, mambo yangekuwa mengine. Ilikuwa saa nane mchana, ofisi haijafungwa. Hilo Namuun alijiambia baadaye mara nyingi zaidi kuliko watu walivyomwambia. Lakini siku ile alijiambia kwamba labda Bilguun anakuza mambo, na kwamba atasema kesho.

Ijumaa alikwenda na sentensi yake tayari mdomoni. Solongo akamlaki mlangoni, uso umefunguka.

"Mdogo wangu, makao makuu wameandika! Wanasema ripoti yako iko wazi kuliko zote walizopata kutoka kwetu. Miaka sita niko hapa, sijawahi kuambiwa hivyo hata siku moja. Ukimaliza chuo nakuombea nafasi. Nasema kweli, nitapigana."

Namuun aliwaza baba yake, aliyeuza farasi wawili ili yeye asome. "Na mtoto?" aliuliza.

"Suala lake lipo kwenye kamati ya wilaya. Kisanduku kikiwa chekundu, ni siku tatu za kazi."

"Kamati inaamua nini?"

"Wataangalia tu. Kanywe chai, unatetemeka."

Sentensi ikashuka kooni. Jumamosi akafua nguo zote alizokuwa nazo, hata zilizokuwa safi. Jumapili akaandika barua ya kukiri kosa, akaichana. Jumatatu, asubuhi na mapema, hakuweza kuendelea kulificha. Akapanda basi, akakuta ofisi imefungwa, akangoja kwenye ngazi mpaka Solongo alipofika saa nne, viatu vimejaa theluji na majivu.

"Dada, nina jambo."

"Ngoja kwanza nikae." Solongo alivua glavu moja akasahau nyingine. "Tumemchukua yule mtoto. Tulikuwa mimi, polisi wa kata na yule mama wa kamati. Bibi alidhani tunampeleka zahanati, akamvalisha lile koti la waridi yeye mwenyewe, akamfunga na skafu. Kisha yule wa kamati akasoma karatasi."

Namuun akafunga mlango.

"Ripoti yako imetafsiriwa kule mjini kurudi Kimongolia. Imeandikwa kwamba mtoto ametupwa na mama yake. Ametupwa, Namuun. Na kwamba bibi naye humtupa. Bibi akaniuliza, 'Nani katupwa?' Akasema, 'Mimi nilimwambia yule binti ameachwa kwangu. Mwiteni aje aseme.' Mtoto alikuwa ameshapandishwa kwenye gari." Solongo akainua macho. "Sasa nakuuliza. Alikwambia nini?"

"Alisema ameachwa."

"Na wewe ukaandika nini?"

Namuun alieleza yote, neno la alama mbili, orodha ya tisa, Bilguun, kamusi. Alipofika kwenye Alhamisi, Solongo akamkatiza.

"Umejua tangu Alhamisi?"

"Ndiyo, dada."

"Ijumaa nilipokuwa nakusifu hapa, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Solongo hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alivua glavu ya pili, akaiweka mezani juu ya mwenzake, akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi ndiye niliyesema tuma." Kisha akafungua kompyuta.

Barua ya kurekebisha iliandikwa na Bilguun siku hiyohiyo, kwa Kiingereza kizuri, kifupi, kinachoeleweka. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Liliandikwa kwa adabu. Lilisema kwamba, kwa uzoefu wao wa nchi nyingi, maelezo yanayobadilika baada ya mtoto kuondolewa mara nyingi hutokana na familia kumshinikiza mfanyakazi, na kwamba wanamwelewa mwanafunzi na wanamshauri apumzike. Kamati ya wilaya nayo ikasema karatasi imeshapigwa muhuri. Kinachoweza kuliondoa neno ni mama mwenyewe, aje na miguu yake.

Namuun alikwenda kwa Mwalimu Tsend kumwomba afute zile alama thelathini. Alimkuta katika chumba cha walimu anakula tambi kwenye kopo la chuma. Alimsikiliza mpaka mwisho, tambi zikapoa.

"Siwezi kuzifuta, zimeshapelekwa," alisema. "Na zikifutwa, mtoto atarudi?"

"Kwa nini hukutuambia, mwalimu? Kwamba hayo maneno hayalingani?"

Mzee alifunika kopo lake polepole. "Ningewaambiaje? Unafikiri mimi najua? Ile orodha niliitoa kwenye kitabu cha Kirusi, nikaigeuza kwa kamusi, jioni mbili, miaka ishirini iliyopita. Namuun, mimi sijawahi kukaa na Mwingereza hata mara moja nikanywa naye chai. Niliwahi kumsalimu mmoja uwanja wa ndege. Hakunielewa." Alijaribu kucheka kama alivyocheka darasani, ikashindikana. "Ninyi mlikuwa mnakariri, mimi nikaona mnaendelea vizuri."

Wiki iliyofuata alifundisha kama kawaida. Ukurasa wa kumi na nne aliuruka, bila kusema kwa nini.

Kwa bibi Dulmaa, Namuun alichelewa kwenda. Alipanda kilima siku mbili akarudi kabla ya kufika. Siku ya tatu aliingia, akapiga magoti karibu na mlango, akainamisha kichwa.

"Ni mimi niliyeandika, bibi."

"Najua. Nyanyuka hapo, pana baridi." Bibi akammiminia chai. Chai nyingine ikamwagika kwenye jiko ikalia. "Umekula?"

"Bibi, naomba unitukane."

"Nikutukane nikapate nini?" Alikaa kitandani. Jiko lilikuwa na moto mdogo, wa mtu mmoja. "Hebu niambie. Kwa Kiingereza, kuacha wanasemaje?"

Namuun alimtajia neno jepesi, kisha lile zito, kisha mengine mawili.

"Yote hayo? Ya nini?" aliuliza bibi, na kweli alitaka kujua. Kisha akasema, "Tungalag alipopiga Ijumaa nilimwambia mtoto amelala. Ijumaa ya pili nikasema amekwenda kwa jirani. Hii inayokuja sina la kusema."

Kituo cha watoto kilikuwa upande mwingine wa mji na kiliruhusu wageni Jumapili tu, kwa muda wa saa moja. Bibi alikwenda kila Jumapili, mabasi mawili na mwendo wa miguu, na Namuun akawa anamsindikiza, ingawa hakuna aliyemwomba. Jumapili ya kwanza Anujin alilia saa nzima ameng'ang'ania nguo ya bibi. Jumapili ya pili alilia mwishoni tu. Sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wa kwao, ilipofika, bibi alimpelekea maandazi ya nyama aliyoyapika mwenyewe, akiwa amevaa vazi lake la hariri. Walezi wakayapokea wakasema watayagawa, kwa kuwa si haki mtoto mmoja ale peke yake. Jumapili ya tano mtoto hakulia tena. Alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, akajibu alichoulizwa. Bibi alipomnusa utosini, hakusogea.

"Wanamwogesha kwa sabuni nyingine," bibi alisema kwenye basi. Na kila Ijumaa, simu ya Korea ilipolia, alitunga udhuru mpya ili binti yake asikimbilie kurudi.

Katikati ya Machi moyo wake, ambao ndio uliokuwa ukimvimbisha miguu, ulisimama. Jirani yuleyule aliyelalamika ndiye aliyemkuta, kwa kuwa aliona dohani haitoi moshi mchana kutwa. Solongo alimpigia Tungalag simu, na safari hii ilibidi aambiwe yote, la mama na la mtoto kwa pamoja. Siku ya tatu Tungalag alijisalimisha kwa maofisa wa uhamiaji wa Korea. Walimweka mahabusu wiki mbili, wakampiga marufuku kuingia tena kwa miaka mitano, wakampandisha ndege. Alifika mama yake ameshazikwa.

Namuun alimwona kwa mara ya kwanza Jumapili ya kwanza ya Aprili, nje ya geti la kituo. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini, vidole vimekatwakatwa na karatasi za maboksi, amevaa viatu vya raba visivyofaa kwa tope lile.

"Wewe ndiye uliyeandika?" aliuliza.

"Ndiyo, dada. Ni mimi."

"Unayo?"

Namuun alikuwa nayo, nakala isiyofutwa majina. Ilikaa kwenye begi lake tangu Januari, imekunjwa mara nne.

"Nisomee."

"Nikutafsirie?"

"Hapana. Kama ulivyoiandika."

Wakasimama kando ya ukuta, watu wakiwapita na mifuko ya matunda, na Namuun akasoma. Sauti ilimtoka nyembamba. Sentensi kumi na moja. Tungalag alisikiliza amekunja uso, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, na jina la mwanawe lilipotajwa aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba hapo ameelewa.

"Sasa kwa Kimongolia," alisema.

Namuun akasoma kwa Kimongolia. Mama alimtupa mtoto akiwa na miaka miwili. Hakuweza kuendelea na ya pili.

"Endelea."

"Dada, tafadhali."

"Mama yangu alisomewa mbele ya polisi. Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho. Tungalag aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Kisha akaingia ndani. Dakika ishirini baadaye alitoka peke yake, saa haijaisha.

"Amenisalimia," alisema. "Ameniita shangazi. Nimemwambia ni mimi, wa kwenye simu. Akasema wa kwenye simu ana kofia."

Aliketi kwenye ukingo wa saruji, miguu kwenye tope. Namuun alisimama pembeni yake asijue mikono aiweke wapi.

Wiki iliyofuata kamati ya wilaya iliwaita. Namuun alitoa ushahidi. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani na haraka, alimuuliza kwa Kimongolia, "Huyu mama alimtupa mtoto wake?" na yeye akajibu kwa Kimongolia, "Hapana. Hakumtupa. Nilikosea mimi, na nilipojua nilikaa kimya siku nne." Katibu aliandika. Mwenyekiti alimshukuru kwa ukweli wake. Kisha akamgeukia Tungalag akamuuliza ana kazi gani, akajibu bado. Ana makazi gani, akajibu hema la marehemu mama yake. Hema lina maji, akajibu kibanda kiko bondeni.

"Basi tutaliangalia upya Septemba," alisema mwenyekiti. "Hiyo itakupa muda wa kujipanga. Mtoto yuko salama."

Nje jua lilikuwa limetoka na theluji ya mwisho inatiririka barabarani, nyeusi kwa masizi. Solongo, ambaye alikuwa amekuja nao, alisema atamtafutia Tungalag kazi ya usafi shuleni, ana mtu anamfahamu pale. Akaondoka akichechemea kuwahi familia zake nyingine. Wakabaki wawili kwenye kituo cha basi.

"Jumapili nitakuja mapema," alisema Namuun. "Nitakusindikiza kama nilivyokuwa namsindikiza bibi. Ni mabasi mawili, njia inachanganya kidogo."

Tungalag alikuwa anaangalia upande basi linakotokea.

"Usije," alisema. Hakusema kwa hasira; alikuwa amechoka. "Anakujua wewe kuliko mimi. Ukiwepo ataongea na wewe."

"Sawa, dada."

"Nieleze tu hayo mabasi."

Namuun akamweleza namba za mabasi, la kwanza na la pili, na mahali pa kushukia. Tungalag akayarudia maelezo yale mara mbili, polepole, kuhakikisha ameyashika, kisha basi likaja akapanda.